Magurudumu ya mbao ya magari ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila wiki napokea picha ya gurudumu la mbao. Moja limekutwa stoo ya babu, lingine linaning'inia ukutani kwenye hoteli, lingine lilikuwa linaziba tundu la banda la kuku, na swali ni lile lile, hili ni la gari gani? Nimeona niyaweke majibu sehemu moja ili hata usiponipata uweze kuanza mwenyewe. Ombi langu kabla ya yote: usisugue, usipake vanishi, usifungue hata nati moja mpaka umepiga picha pande zote mbili.

Nitajuaje kama ni la gari kweli na sio la mkokoteni au gari la ng'ombe?

Angalia katikati. Gurudumu la mkokoteni wa zamani katikati lina gogo la mbao lililochongwa mviringo, na spoki zimechomekwa kwenye matundu ya lile gogo. Gurudumu la gari halina gogo. Spoki zenyewe miguu yake imechongwa kama kabari, zinakaa bega kwa bega mpaka zinafunga duara, halafu sahani mbili za chuma zinazibana mbele na nyuma kwa bolti zinazopita katikati ya mbao. Mtindo huu ulitoka kwenye magurudumu ya mizinga ya jeshi, ndio maana mpaka leo wenye magari haya wanayaita magurudumu ya atileri.

Pia angalia ukingo wa nje. La mkokoteni limevishwa bati nene la chuma lililo flati, linagusa ardhi lenyewe. La gari lina rimu ya kushika tairi, kwa hiyo utaona kingo mbili zimejikunja, na mahali fulani kuna tundu la kupitishia mdomo wa tyubu. Hilo tundu ukiliona, bas, hilo lilivaa tairi ya upepo.

Na kama ukilisimamisha linafika kiunoni au kifuani kwako, sahau habari ya gari dogo, hilo ni la mkokoteni.

Langu linaonekana la mbao ila ni zito sana na likigongwa linalia kama sufuria. Vipi?

Weka sumaku kwenye spoki. Ikinasa, una gurudumu la chuma lililotengenezwa kwa umbo la mbao. Waingereza walikuwa nayo mengi, kampuni ya Joseph Sankey ilianza kuyatengeneza kabla ya vita vya kwanza vya dunia, mabati mawili yaliyokandamizwa na kuchomelewa pamoja, ndani ni wazi. Morris za mwanzo mwanzo zilivaa ya aina hii. Yakishapakwa rangi tabaka nne tano ni vigumu kuyatofautisha kwa macho, hata mtu mzoefu anakosea kwenye picha, ndio maana nawaambia kila mtu aanze na sumaku. Nalo ni zuri pia, usilitupe, ila utafutaji wake unaelekea Uingereza na sio Marekani.

Nianzie wapi kulitambua?

Anzia kwenye habu, yaani kile chuma cha katikati kinachobana spoki na kuingia kwenye ekseli. Nalisema hili kila siku na ntaendelea kulisema. Rimu ilibadilishwa ikioza, spoki zilibadilishwa zikivunjika, rangi ilipakwa upya mara kumi, lakini habu ilikaa palepale kwa sababu inatakiwa iingie kwenye ekseli ya gari lile na sio lingine. Habu ndio kitambulisho cha gurudumu, vingine vyote ni nguo tu.

Kwenye habu unatafuta vitu vinne. Kofia, ile kifuniko cha mbele, mara nyingi imeandikwa jina la gari. Halafu idadi ya bolti zinazobana sahani. Halafu tundu la katikati, kipenyo chake na umbo lake. Halafu namba au herufi zilizopigwa kwenye chuma, hizi zinajificha chini ya grisi iliyokauka na rangi.

Kuhusu kofia, ntakupa mfano ulionifurahisha. Kuna gurudumu nililetewa kutoka stoo ya shamba la kahawa huku upande wa Moshi, kofia ilikuwa nyeusi tii, imefungwa na grisi iliyogeuka kama lami. Sikutumia msasa wala brashi ya waya. Nililoweka kitambaa kwenye mafuta ya taa, nikakiacha juu yake usiku mzima, asubuhi nikafuta taratibu kwa kidole gumba. Kwanza ulitokea mkia wa herufi F, ule uliojipinda, ikafuata Ford yote kwa ule mwandiko wake, na chini kabisa kwa herufi ndogo MADE IN CANADA. Maneno hayo matatu yalinieleza mengi kuliko mbao yote ya lile gurudumu, soma huko chini kwenye swali la magari yaliyofika huku utaelewa kwa nini.

Kama herufi zimefifia, weka karatasi nyepesi juu yake usugue na penseli kwa ubapa. Zinatokea.

Kofia inaweza kudanganya?

Inaweza. Kofia inafunguka kwa mkono na spana, kwa hiyo watu walihamisha. Ichukulie kama shahidi wa kwanza, halafu uulize bolti na tundu kama wanakubaliana nae.

Rimu yangu imeandikwa Firestone. Kwa hiyo ni gari la Firestone?

Hapana. Hili linachanganya watu kuliko yote. Firestone, Goodyear, Kelsey, Hayes, Jaxon, Stanweld, hawa ni watengenezaji wa rimu au magurudumu, waliuzia viwanda vingi vya magari kwa wakati mmoja. Ukikuta jina hilo umejua nani alitengeneza rimu, hujajua gari. Linasaidia kidogo kwenye miaka tu, mfano Kelsey na Hayes zilikuwa kampuni mbili tofauti mpaka zilipoungana 1927, kwa hiyo ukikuta majina yote mawili yameandikwa pamoja ujue rimu ni ya kuanzia hapo.

Jambo la kuangalia zaidi, rimu za kutoa, yaani zile zinazofunguliwa kutoka kwenye gurudumu la mbao, haziingiliani ovyo. Rimu ya Hayes na ya Kelsey zote zilivaliwa na Ford, zote saizi moja ya tairi, lakini ukijaribu kuifunga moja kwenye gurudumu la mwenzake haikai sawa. Ukinunua rimu ya ziada nenda na gurudumu lako mkononi.

Lina spoki 12. Ni Ford?

Sio lazima. Spoki 12 zilikuwa kawaida kwa magari mengi sana ya Marekani, Ford, Chevrolet, Dodge Brothers na wengine. Kuna magari yaliyokuwa na 10 mbele na 12 nyuma kwa sababu nyuma ndio kuna nguvu ya injini na breki. Kwa hiyo idadi ya spoki inakusaidia kukataa zaidi kuliko kukubali: ukihesabu 10 ujue sio la Ford Model T, ukihesabu 12 bado uko mwanzo wa safari.

Basi nitajuaje kama ni la Model T?

Hapa ntakaa kidogo maana ndio gari unaloweza kukutana nalo kuliko lolote. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 15 kati ya 1908 na 1927, hakuna gari lingine la wakati ule lililoacha magurudumu mengi hivyo duniani.

Hesabu spoki, ziwe 12. Hesabu bolti za habu, ziwe 6, yaani bolti moja kwa kila spoki mbili. Halafu angalia rimu. Kama rimu haitoki, imegandamana na gurudumu moja kwa moja, hilo ni la mtindo wa kwanza, na ukipata pancha enzi hizo ulitengenezea tairi hapo hapo barabarani na gurudumu likiwa limefungwa kwenye gari. Kuanzia 1919 Ford walianza kuleta rimu za kutoa, na za Ford zinashikwa na bolti 4 tu kwenye ukingo, pamoja na mdomo wa tyubu unaopita kwenye tundu lake. Ukikuta bolti tano, sita au zaidi za kushika rimu, angalia kwingine. Rimu ya kutoa haikufuta ile ya zamani mara moja, magari ya bei ya chini yaliendelea na rimu isiyotoka kwa miaka kadhaa, kwa hiyo usiseme "haitoki basi ni kabla ya 1919". Wengi wanakosea hapo.

Kuanzia 1925 zikaingia tairi pana za upepo mdogo, rimu ya inchi 21. Ukiwa na spoki 12, bolti 6, rimu 21 ya kutoa, una Model T ya mwisho mwisho.

Kofia za Ford mpaka karibu 1916 zilikuwa za shaba, rangi ya njano ile, baadaye zikapakwa nikeli. Lakini nikeli ikichubuka shaba ya chini inaweza kuonekana, kwa hiyo chungulia kwenye mikunjo ambako mkono haufiki, huko ndiko nikeli inabaki.

Nipimeje saizi?

Hapa soma polepole. Tairi za zamani ziliandikwa kwa kipenyo cha NJE, sio cha rimu kama siku hizi. Ukiona 30x3½ maana yake tairi ikiwa imejaa upepo ina inchi 30 kutoka juu mpaka chini, na unene wake ni inchi 3½. Kupata rimu unatoa unene mara mbili, yaani 30 toa 7, unabaki na 23. Kwa hiyo mtu akikuambia ana "gurudumu la inchi 30" muulize amepima nini, ubao na rimu au tairi.

Hesabu hiyo inakupa hizi: 30x3 ni rimu ya 24, 30x3½ ni 23, 32x4 ni 24, 32x3½ ni 25, 33x4 nayo ni 25. Unaona zinagongana? 30x3 na 32x4 zote ni 24 lakini moja ni nyembamba na nyingine pana, kwa hiyo pima na upana wa rimu pia usiishie kwenye kipenyo. Na 31x4 inatoka 23, ndio maana wenye magari ya 30x3½ walipotaka tairi nene zaidi walichukua 31x4, inaingia palepale.

Zile tairi pana za baadaye hesabu haikai sawa sawa. 29x4.40 inakaa kwenye rimu ya 21, ukipiga hesabu utapata pungufu, wala usijali, ndio ilivyo. Baadaye zikaandikwa 4.40-21, unene kwanza halafu rimu.

Pima pale tairi inapokaa, sio kwenye kingo za nje. Kama kingo zimejikunja kwa ndani kama ndoana hiyo ni ya klincha, tairi yenyewe ina mdomo wa mpira unaojichomeka kwenye ile ndoana na kushikwa na nguvu ya upepo. Kama kingo zimesimama wima na kuna ringi ya kufungia au rimu imekatwa sehemu moja, hiyo ni aina nyingine, na gari lilikuwa kubwa kidogo au la baadaye.

Langu lina namba kama 760x90 au 815x105, inchi gani hizo?

Sio inchi, ni milimita. Hilo limetoka Ulaya, Ufaransa, Uingereza, Italia huko. Hesabu ni ile ile, 760 toa 90 mara mbili, rimu inakaribia milimita 580. Ukiona milimita acha kuhangaika na majina ya Kimarekani, ingawa na yenyewe usiwe na haraka maana kuna magari ya Marekani yaliyouzwa Ulaya yakavalishwa saizi za huko.

Ni la mbele au la nyuma?

Tundu la habu linasema. La mbele linazunguka kwenye beringi, kwa hiyo ndani utaona sehemu ya kukaa beringi pande zote mbili. La nyuma kwenye gari kama Model T linakaa kwenye ekseli moja kwa moja, tundu limechongoka kama koni, na lina mfereji wa kii, kile kipande cha chuma kinacholifunga gurudumu na ekseli vizunguke pamoja. Nyuma yake kuna dramu ya breki au alama ya mahali ilipokaa.

Kwa Ford za Marekani za mwanzo kuna kingine, mbele zilivaa 30x3 na nyuma 30x3½. Dereva alibeba tairi za saizi mbili. Ford zilizotengenezwa Canada zilivaa 30x3½ pande zote nne.

Kuna fundi ananiambia langu ni la Ford Model A.

Mwambie kwa heshima kwamba Model A, ile ya 1928 mpaka 1931, ilitoka kiwandani na magurudumu ya spoki za waya, 21 mwanzoni halafu 19. Gurudumu la mbao sio lake.

Nimekuta rimu peke yake, haina spoki wala habu, ina vishikio pembeni. Ni kipande cha nini?

Ukipata hiyo nitafute haraka! Hiyo inaweza kuwa Stepney. Zamani magurudumu hayakuwa ya kufungua, kwa hiyo mwaka 1904 ndugu wawili wa familia ya Davies kule Llanelli, Wales, walitengeneza rimu yenye tairi iliyojazwa tayari, unaibana kwa vishikio ubavuni mwa gurudumu lililopata pancha unaendelea na safari. Ikaitwa Stepney kwa sababu duka lao lilikuwa Stepney Street. India mpaka leo tairi ya spea inaitwa stepney na wengi hawajui limetoka wapi. Watu wanazitupa kwenye skrepa wakidhani ni kipande kilichobaki, na inaniuma sana.

Magari gani ya magurudumu ya mbao yalifika huku kwetu?

Ford kwanza, na hapa ndio yale maneno ya MADE IN CANADA yanaingia. Kampuni ya Ford ya Canada, kiwanda chake Walkerville, Ontario, ndio ilikuwa na haki ya kuuza kwenye makoloni ya Waingereza, kwa hiyo Ford ya Kenya, Uganda au Tanganyika baada ya Mjerumani kuondoka ilitarajiwa kutoka Canada, sio Detroit. Ukipata kofia ya Canada kwenye shamba la zamani huku, hadithi inakaa sawa. Ukipata ya Marekani jiulize lilifikaje.

Baada ya hapo Chevrolet, na magari ya Kimarekani mengine ya miaka ya 1920 ambayo masetla wa Kenya waliyakata bodi na kuweka boksi la mbao nyuma, yale yaliyoitwa boksi-bodi, kwa sababu yalikuwa na tumbo la juu na yalivumilia barabara za vumbi na tope. Ukikuta kofia imeandikwa Rugby, usidhani ni mambo ya mpira, hilo ni gari la Star la kampuni ya Durant ya Marekani, lilibadilishwa jina kwenye nchi za Waingereza kwa sababu Uingereza tayari kulikuwa na Star nyingine. Kwa hiyo neno Rugby tu linakuambia liliuzwa kwa soko la huku na sio kwao.

Ni mti gani?

Magari ya Marekani karibu yote ni hikori, mti wa kule kwao, mgumu na unavumilia kishindo bila kukatika. Nyuzi zake ni ndefu na zimenyooka kutoka habu mpaka rimu. Ukiona spoki moja rangi tofauti na wenzake au nyuzi zinakatisha upande, hiyo ilibadilishwa na seremala wa huku, na mimi naipenda hiyo spoki kwa sababu inaonyesha gari lilifanya kazi na likatengenezwa.

Nilisafishe vipi?

Mafuta ya taa, kitambaa, brashi ya nailoni, na subira. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo usipige msasa mkavu ndani ya nyumba yenye watoto.

Na tafadhali, grainda isiguse habu. Miaka ya nyuma nilimpelekea fundi gurudumu zuri, nikamwambia nataka lisafishwe tu, nikaenda kunywa chai. Niliporudi sahani ya habu inang'aa kama kioo, amefurahi, na herufi zote zilizokuwa zimepigwa pale zimekwenda na cheche. Nilikuwa nimeziona asubuhi ile bila kuzipiga picha. Gurudumu lile ninalo mpaka leo na sijui ni la gari gani.

Spoki zinacheza, nikililoweka kwenye maji si zitavimba zikaze?

Zitavimba, zitakaza, utafurahi wiki mbili. Halafu mbao ikivimba huku imebanwa na chuma inajiponda yenyewe, ikikauka inarudi ndogo kuliko ilivyokuwa mwanzo na sasa inacheza zaidi. Kama ni la kuweka ukutani liache hivyo hivyo. Kama lina vumbi jepesi la unga linadondoka kwenye vitundu, hao ni dumuzi, litenge na samani zako kwanza ulitibu.

Naweza kuliendeshea?

Usiliendeshee kama hujalipeleka kwa mtu anayejua magurudumu haya. Gonga kila spoki kwa mpini wa nyundo, nzima inalia sauti kavu inayofanana na wenzake, iliyolegea au kuoza inalia bubu. Moja tu ikilia bubu gari lisitoke. Habari nzuri ni kwamba tairi za 30x3½ bado zinatengenezwa mpaka leo, na Marekani kuna karakana zinazoweka spoki mpya kwenye habu yako ya zamani. Tairi za klincha zinataka upepo mwingi, karibu 60 psi, usizipe 30 kama za gari lako la sasa, zitachomoka kwenye rimu.

Bei yake?

Sitaji bei kwa picha. Manne yenye habu zinazolingana na kofia zake yana thamani kuliko manne ya kuokoteza, na lenye habu kamili hata kama mbao imeliwa yote na mchwa linazidi lenye mbao nzuri lisilo na habu, kwa sababu mbao inachongwa nyingine.

Nikitaka unisaidie nitume picha gani?

Mbele yote, nyuma yote, habu kwa karibu ukiwa umeweka rula au hata sarafu pembeni, tundu la katikati ukimulika na tochi, na ukingo wa rimu kwa ubavu nione ulivyojikunja. Andika idadi ya spoki, bolti za habu, bolti za rimu kama zipo, kipenyo pale tairi inapokaa na upana. Na uniambie limekutwa wapi na nani alikuwa anakaa hapo zamani, shamba la nani, misheni, karakana ya reli, chochote wazee wanachokumbuka. Waulize leo kama bado wapo.